Kipimo kinasoma 95, mbona Baba bado anakosa pumzi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Baba ana miaka 58. Alichimba tanzanite Mirerani miaka mingi, akaugua kifua kikuu mara mbili na kupona. Siku hizi akioga tu anahema. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 95, wanaiona nzuri, kwa hiyo shangazi zangu wanasema anajidekeza. Amekuwa mkali, halali, na ameacha hata kwenda kucheza bao. Naweza kumpa vidonge vya usingizi atulie?

JIBU: Marahaba. Baba hajidekezi. Kipimo kile kinaonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani. Hakionyeshi anavyohangaika kuipata. Mapafu yenye makovu ya kifua kikuu na vumbi la miamba hukakamaa, na mara nyingi njia za hewa huwa zimebana. Akiharakisha, anavuta pumzi mpya kabla ya ile ya kwanza kutoka yote. Kifua kinajaa. Hofu inamwingia, hofu inamzidishia kuhema, na hewa inazidi kunasa ndani. Akibanwa hivyo bafuni mara mbili tatu, ataanza kuliogopa bafu lenyewe. Tena 95 hiyo mlimpima ameketi. Mpimeni akitoka kutembea. Ikishuka chini ya 90, mpelekeni kliniki.

Vidonge vya usingizi usimpe. Diazepamu na dawa za jamii yake zinaweza kudhoofisha upumuaji, hasa usiku.

Mzoesheni hivi akiwa ametulia, ili siku ya kubanwa mwili uwe umeshajua: aketi, ainame mbele, viwiko juu ya magoti. Avute hewa kwa pua, aitoe kwa midomo iliyobana kama anayepoza chai, kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Aoge ameketi kwenye stuli. Akiinua ndoo, ainue huku anatoa pumzi.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba ameacha kutoka kwenda kwenye bao. Akikaa tu ndani, au mkimfanyia kila kitu kwa huruma, miguu inalegea, na miguu iliyolegea humfanya aheme mapema zaidi. Muulizeni daktari kama hospitali ya karibu ina mazoezi ya wagonjwa wa mapafu. Kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8, na hupunguza kuhema pamoja na hofu na huzuni. Mkingoja, atembee kidogo kila siku kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea sentensi fupi, apumzike, aendelee.

Huzuni yake nayo ni ya kutibiwa. Muulize kwa upole: wiki 2 hizi amekuwa mnyonge, au hafurahii tena alivyovipenda? Akijibu ni karibu kila siku, mwambieni daktari. Akisema ni mzigo kwenu au heri afe, nendeni siku hiyohiyo. Akikohoa damu pia msisubiri.

Na mwenzake wa bao mwombeni wiki ya kwanza aje yeye nyumbani. Ya pili wakutane nusu ya njia.