Kompyuta ni ya ofisi, hifadhi ya nywila ni yako

Dada mmoja wa Nachingwea, karani wa hesabu, ameniandikia akiomba ushauri. Kompyuta aliyopewa kazini haikubali kusakinisha programu yoyote, kivinjari chake kinakataa viendelezi (programu ndogo za kukiongezea uwezo), na ukichomeka flashi haisomeki. Nyumbani anatumia programu ya Bitwarden kutunza nywila zake zote, naye angependa zimfuate mpaka mezani pake. Swali lake limenikuta katika wiki ambayo ofisi yetu hapa Mtwara imekubali kwa maandishi utaratibu niliokuwa nikiudai kwa muda mrefu, nikichekwa. Kwa hiyo mtaniwia radhi iwapo nitaonekana najisifu.

Jibu langu ni hili: dada, usiifungue hifadhi yako binafsi kwenye kompyuta hiyo, hata kama tovuti ya Bitwarden inafunguka bila kizuizi. Programu za aina hii husimba nywila, yaani huzigeuza maandishi yasiyosomeka, na kuzisimbua kwenye kifaa unachokitumia, ili hata mwenye seva asiweze kuzisoma. Huo ni ulinzi madhubuti, lakini nguvu yake inategemea kifaa chenyewe. Kompyuta ya mwajiri ina msimamizi mwenye uwezo wa kuweka programu ya kufuatilia kioo na vitufe, na anaweza kuwa na sababu halali kabisa ya kufanya hivyo. Ukiandika nywila kuu hapo, ile inayofungua hifadhi nzima, umeweka mikononi mwa watu usiowajua barua pepe yako, benki yako na kila kitu kingine, wakati ulichokihitaji ni kuingia kwenye mfumo mmoja wa malipo. Zaidi ya hapo, ukinakili nywila kwenye Windows iliyowashwa historia ya kunakili, vitu 25 vya mwisho ulivyonakili hubaki humo, na yeyote atakayeketi kwenye kiti chako anaweza kuvifungua kwa vitufe viwili.

Mimi hifadhi yangu inakaa kwenye simu. Nikifika kazini naifungua kwa alama ya kidole, nasoma nywila ninayoihitaji, naiandika kwa mkono, kisha naifunga simu. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, simu iliendelea kunionyesha nywila zangu kama kawaida, kwa sababu Bitwarden huweka nakala iliyosimbwa ndani ya kifaa.

Utaratibu huo ulinigharimu heshima. Idarani kwetu nywila zilikuwa zikiandikwa nyuma ya kalenda ya ukutani, na mtu akienda likizo mwenzake aliingia kwa jina lake bila kuulizwa. Mimi niliyekataa kuandika yangu nikaitwa msiri. Msimu wa korosho ulipopamba moto na malipo ya wakulima kusubiriwa, mkuu wangu wa wakati huo aliniuliza mbele ya wenzangu naficha nini kwenye simu, na hakuna aliyefungua mdomo kunitetea. Baadaye malipo fulani yalipoidhinishwa kwa jina la mtu aliyekuwa safarini, kalenda ile iliondolewa kimyakimya. Hakuna aliyekuja kuniambia pole, na sikutegemea.

Nirudi kwenye kuandika kwa mkono, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nywila ya herufi ishirini zilizochanganywa ovyo inafaa pale programu inapokujazia yenyewe. Ukiisoma kwenye simu, utachanganya herufi I kubwa na l ndogo, utaandika O badala ya sifuri, na ukikosea mara ya tatu mfumo utakufungia nje. Kwa zile nywila chache za kazini, tumia maneno kadhaa yasiyohusiana. Arnold Reinhold alieneza njia hii mwaka 1995 kwa orodha ya maneno 7,776, ambamo kila neno huchaguliwa kwa kurusha dadu mara tano. Nilitengeneza orodha yangu ya Kiswahili yenye maneno 1,296, kwa hiyo narusha mara nne kwa dadu ya ludo ya watoto. Nakupa mfano, usiutumie: kifuu-randa-saba-mtondoo-pekecha-jamvi. Yale yenye ng' niliyaacha nje, kwa kuwa ipo mifumo isiyopokea ritifaa. La muhimu ni kuiachia dadu ichague. Ukichagua mwenyewe utaandika jina la mtoto, klabu yako na mwaka uliozaliwa, na hayo mtaa mzima unayajua.

Wapo watakaokushauri ukwepe vizuizi: uiunganishe kompyuta na intaneti ya simu yako, au utafute programu isiyohitaji kusakinishwa. Usiwasikilize. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika na wanaoingia kwenye mifumo bila idhini, na hata kama jambo lako halitafika huko, barua ya onyo inatosha kukuharibia. Sisi tunaotaka kupanda vyeo lazima tuwe watu ambao wakaguzi hawana la kuwauliza. Kijana anayetaka kukabidhiwa fedha za watu aanze kwa kutunza neno lake la siri, na nawaambia hivyo hata wale wanaoniona najifanya mjuaji.

Njia ya halali ni kuomba. Tenganisha kwanza nywila za kazi na zako binafsi, ili siku ukihama ukabidhi za ofisi bila kugusa zako. Kisha mwandikie afisa TEHAMA kupitia kwa mkuu wako, uombe programu moja mahususi iwekwe na yeye mwenyewe, na useme faili itakaa wapi na nani atakuwa na nakala rudufu. Mimi niliomba KeePassXC, programu nyingine ya kutunza nywila. Ombi la kwanza halikujibiwa. La pili nililiambatanisha na maelezo ya ukurasa mmoja kwamba programu hiyo ni ya bure, hifadhi yake ni faili moja iliyosimbwa inayoweza kubaki kwenye seva ya ofisi, na haihitaji intaneti ili kufunguka. Afisa wetu aliposoma hilo la intaneti, alikuja mwenyewe mezani kwangu kuuliza ninataka iwekwe kwenye kompyuta ngapi.