Kufuga nyoka wa mahindi albino Tabora: tatizo ni joto na ukavu

Maelekezo mengi ya kufuga nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa hiyo nusu yake ni namna ya kumpasha joto. Tabora kazi iko upande wa pili: kumkinga na joto la Septemba na Oktoba, hasa kwenye nyumba ya bati isiyo na dari.

Nyoka huyu asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu, hufikia mita 1 hadi 1.5, na akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Albino hana rangi nyeusi kabisa. Hubaki na mabaka mekundu au ya chungwa, na macho mekundu. Ualbino wake hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Ukipandisha wabebaji wawili (waliorithi ualbino kwa mzazi mmoja tu) wenye rangi ya kawaida, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino. Mbebaji hatambuliki kwa macho, hivyo usimlipie zaidi kama hujui wazazi wake. Na kabla ya kulipa chochote, pita ofisi ya wanyamapori uulize habari ya kibali.

Sanduku la nyoka mkubwa liwe na urefu wa sm 120, upana sm 60 na kimo sm 60. Plaiwudi inatosha, na mbele vioo vya kutelezesha vyenye kufuli. Kichwa kikipenya, mwili wote umepita. Kwa kitoto, mwanya wa mm 5 ni mlango. Matundu ya hewa yatobolewe kwa drili, mm 3, kwa sababu wavu wa waya humchubua pua. Maranda ya mninga usitandike hata fundi akikupa bure, vumbi lake huwasha. Magazeti yanatosha.

Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 28 hadi 30, mwingine 23 hadi 25, na kila upande uwe na maficho yake. Oktoba chumba kikifika 33, upande wa baridi unakuwa haupo tena. Hamishia sanduku chumba chenye dari, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, kisha weka juu yake chupa za maji yaliyoganda zilizofungwa kwenye kitambaa. Kuanzia nyuzi 35 anaweza kufa. Usimweke dirishani pia: macho ya albino hayana rangi ya kuyakinga na mwanga mkali.

Juni na Julai usiku huwa baridi. Balbu ya wati 40 yenye themostati (kidhibiti joto) inatosha, ila izungushiwe wavu, maana nyoka huweza kujiviringisha juu ya kitu cha moto mpaka akaungua. Umeme ukikatika usiku mmoja, atavumilia. Asichovumilia ni baridi akiwa ameshiba: chakula huoza tumboni naye hutapika. Akitapika, mwache siku 10 hadi 14, kisha mpe mlo nusu ya ule wa kawaida.

Kiangazi ndicho huharibu kujivua ngozi. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 40, ngozi hutoka vipande vipande, na pete inayobaki kwenye ncha ya mkia hukata damu mpaka ncha ikauka. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, toboa tundu la kuingilia, weka ndani kitambaa chenye maji. Liweke sandukuni mara macho ya nyoka yakianza ukungu. Kwa albino ukungu huo ni wa waridi na ni rahisi kutouona, kwa hiyo tazama na tumbo kama limefifia. Ngozi iliyobaki jichoni usiibandue kwa kucha.

Chakula ni panya aliyekwisha kufa, unene wake usizidi mara moja na nusu ya unene wa nyoka. Kitoto hula kila siku 5 hadi 7, mkubwa kila siku 10 hadi 14, na baada ya kula asishikwe kwa saa 48. Panya wa mtegoni hapana, huenda amekula sumu. Fuga panya weupe, dume mmoja kwa majike watatu. Hubeba mimba siku 19 hadi 21.

Majirani waambie mapema. Unyamwezini, nyumbani kwa Wayeye (chama cha wacheza nyoka), wapo watakaodhani umejiunga nao, lakini wengi wataona nyoka tu na kuchukua fimbo. Watoto nao waelewe kwamba anayeshikwa ni huyu peke yake, si kifutu wala swila wa shambani.

Miguu ya meza ya sanduku isimame kwenye makopo ya maji yenye oili kidogo, maana siafu wakimkuta amefungiwa hawamwachi. Dawa ya mbu ya kupuliza isitumike chumba hicho. Utitiri kwenye ngozi ya albino huonekana upesi, ni vidoa vyeusi vinavyotembea. Choma magazeti, osha sanduku kwa maji ya moto, mloweshe nyoka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, urudie kila wiki kwa mwezi mzima kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, hata tone moja, usimguse nayo.