Miksi ya metali inapotea ukicheza kwa simu: rudi kwa gitaa kabla ufikirie mastaringi

Wasee za jioni. Huyu ndugu wa Kisumu ameuliza mbona ngoma ya bendi yao ni kubwa kwa hedifoni lakini kwa simu ama kwa gari inageuka uji, bezi haiskiki, sauti ya muimbaji imezama, na anataka atajiwe plagini (programu ndogo ya kuongeza kwa ile ya kurekodi) ya mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kusafisha ngoma ikishamiksiwa, ya kumaliza hiyo shida, na kama ana pesa kidogo anunue nini. Nimeiskiza ile klipu vizuri. Buda, mastaringi haina makosa hapo na haiwezi kuokoa. Mimi hurekodi na kumiksi bendi za metali hapa Nakuru, chumba cha kawaida tu cha kupanga, na karibu kila ngoma nikiletewa ikiwa hivyo shida ilianzia kwa gitaa siku ile ya kurekodi.

Umesema mmeshusha hadi dropu C, yaani nyuzi zimelegezwa, ya chini kabisa hadi noti ya C. Sasa angalia, ile C ya chini ya gitaa iko 65 Hz hivi (mitetemo 65 kwa sekunde), ya bezi iko 33 Hz, na kiki ya dramu wengi huiweka kati ya 50 na 70. Vitu vitatu vinagombania nafasi moja na gitaa ndiyo ya kutolewa. Ule uzito unaouskia kwa rekodi za wakubwa ni gitaa na bezi zikienda pamoja noti kwa noti, gitaa peke yake haina huo uzito. Kwa hivyo kata gitaa chini ya 80 hata 100 Hz bila huruma. Ukiiskiza pekee itakaa imekonda, achana nayo, washa bezi ndiyo uamue. Juu nako kata kuanzia kama 10 kHz, pale kumebaki kelele kavu ya distoshoni tu na ndiyo inafunika simbali zako.

Gaini, kile kiasi cha distoshoni, nayo iko juu sana. Distoshoni yenyewe inabana sauti vile kompresa (kifaa cha kushusha sauti ikizidi) hubana, ukizidisha lile pigo la piki linakufa, na ukirekodi gitaa mara mbili ama nne zote zinajumlishana. Shusha hadi iwe kidogo kuliko ile mnacheza nayo mazoezini, halafu weka ovadraivu mbele ya ampu, draivu sifuri, levo juu. Hiyo inapunguza zile frikwensi za chini kabla zifike kwa ampu, ndiyo maana pedali za aina ya Tube Screamer haziishi kwa metali hata watu wenye ampu za bei mbaya wanazitumia.

Na hii ndiyo imeua ngoma kwa simu: gitaa ya kushoto na ya kulia ni teki moja, yaani imepigwa na kurekodiwa mara moja tu, umekopi halafu ukachelewesha upande mmoja kidogo. Kwa hedifoni inaskika pana, sawa, lakini spika ya simu nyingi ni kama mono tu, kushoto na kulia zinatoka mahali pamoja, zile pande mbili zikikutana zinakulana na gitaa inabaki na mashimo. Lazima jamaa akae chini apige rifu mara mbili, teki mbili tofauti, moja kushoto kabisa moja kulia kabisa, na wakati wote apige vile vile. Hapa hakuna njia ya mkato. Kama mkono haujakaza, mrudishe nyumbani afanye mazoezi na metronomu, mje mrekodi wiki ijayo.

Kitu ingine ya gitaa, zile noti anaziba nyuzi na kiganja. Skiza dakika ya kwanza ya klipu yako, kila akiziba kuna uvimbe unapanda kati ya 100 na 250 Hz halafu akiachilia kodi unaisha. Ikwalaiza ya kawaida, ile ya kukata na kuongeza frikwensi, itakata hapo hadi kwa kodi zilizo sawa. Tumia kompresa ya bendi nyingi, ile inayobana kipande cha frikwensi unachochagua, washa bendi moja tu hapo, iguse wakati kiganja kimeziba peke yake. Andy Sneap, produsa wa metali wa Uingereza, amejulikana sana kwa hii mbinu.

Bezi igawanye traki mbili. Ya kwanza ibaki safi, kila kitu juu ya 200 Hz kimekatwa, umeibana na kompresa hadi isitikisike. Ya pili kata chini uipige distoshoni ya nguvu. Spika ya simu haiwezi kutoa 33 Hz hata ufanyeje, lakini skio likipata zile frikwensi za juu za noti linajaza lenyewe ile ya chini, hivyo bezi itaskika kwa simu kupitia hiyo traki chafu.

Kiki sasa. Ngoma yenu iko mapigo 200 kwa dakika na kuna sehemu ya dabo kiki, noti nne kwa kila pigo, hizo ni zaidi ya 13 kwa sekunde, yaani kati ya moja na nyingine kuna milisekunde 75 pekee. Wimbi la 50 Hz linachukua milisekunde 20 kuzunguka mara moja. Halina hata mizunguko minne kabla kiki ingine ifike, basi ukiwa umeipa kiki mkia mrefu wa chini utapata mvumo mmoja usio na mapigo. Fupisha mkia, acha bezi ishike chini, kiki ibaki na kale kamlio kake ka 4 kHz hivi. Ngoma ya polepole geuza, hapo kiki inaweza kumiliki chini. Halafu kwa dramu za kompyuta usiache kila pigo na nguvu sawa, sneya ya rolo haiwezi kuwa 127 yote, hiyo ndiyo nguvu ya juu kabisa kwa kompyuta. Ama uamue ni mashine na iskike mashine, kama bendi ya Duma ya Nairobi kwa albamu yao ya 2020 waliyotoa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hawajifanyi kuna mtu amekaa kwa viti vya dramu na inauma vizuri sana.

Chumba. Umesema ni mita 3 kwa 3. Chumba cha hivyo kinavimbisha karibu 57 Hz, palepale kiki iko, na juu ya hiyo ni mraba kwa hivyo kuta zote nne zinavimbisha mahali pamoja. Ukikaa katikati utadhani hakuna bezi, ukiegemea ukuta ni nyingi. Trei za mayai hazisaidii chochote huko chini, toa hizo. Simamisha godoro kwa kona, na usiamue bezi kwa spika, amua kwa hedifoni na kwa kulinganisha na ngoma unayoijua vizuri, ukiwa umezipa sauti sawa zote mbili. Na skiza chini chini. Sauti ikiwa juu bezi hujifanya kubwa.

Ile ngurumo ya 50 Hz kwa gitaa ni stima, nyumba nyingi za kupanga waya wa athi haufanyi kazi. Wakati wa kurekodi chomoa chaja, laptopu iende na betri. Sauti ya muimbaji mrekodi asubuhi, kwenu mvua hupenda kuja jioni na mabati hayana adabu, tumia maiki ya dainamiki na muimbaji asiifunike na mkono. Waambie majirani mapema pia, mtu akinguruma ndani ya ploti bila taarifa watu wanaogopa, na wana haki.

Mastaringi sasa ni kazi ndogo. Limita, ile ya kuzuia vilele, ishike desibeli 2 ama 3, kilele kisipite desibeli -1. Spotify inashusha kila kitu hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha vile ngoma inaskika kubwa), ukiiponda hadi -6 itashushwa tu na kiki itakuwa imekufa bure. Halafu peleka kwa matatu ya mtu mnajuana, umuombe acheze akiwa steji kabla abebe watu.

Pesa: usinunue plagini. Reaper, programu ya kurekodi, ni dola 60 na inakuja na ikwalaiza na kompresa za kutosha, ile ya bendi nyingi pia imo. Nunua nyuzi mpya, nene za dropu C, kwa sababu zile ziko kwa gitaa sasa zimelegea hadi noti inaanza juu ya tyuni ndiyo irudi, naiskia kwa kila rifu. Pelekeni gitaa kwa fundi aweke intoneshoni (noti zikae tyuni hadi juu ya shingo) na hizo nyuzi mpya, mrekodi gitaa upya ikiwa safi bila ampu, halafu unitumie hizo traki nikuwekee toni ya kuanzia.