Nani waliipinga Sheria ya Haki za Kiraia? Majibu kwa wasomaji

Mitandaoni wanasema Democrat ndio walioipinga Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 huko Marekani, na Republican ndio walioipitisha. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito. Sheria ile ilipiga marufuku ubaguzi hotelini, mikahawani na kazini. Seneti iliipitisha kwa kura 73 dhidi ya 27. Maseneta wa Democrat walioikataa walikuwa 21, wa Republican 6. Hadi hapo wasemaji hao wako sahihi. Sasa tazama wapinzani walitoka wapi. Majimbo ya Kusini, yale yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, yalikuwa na maseneta 22. Aliyeiunga mkono ni mmoja tu, Ralph Yarborough wa Texas. Republican pekee miongoni mwao, John Tower, naye wa Texas, aliikataa. Wahafidhina wa Kusini walikuwa Democrat kwa kurithi kutoka kwa babu zao, na waliipinga sheria hii kama kundi moja. Kwingineko vyama vyote viwili viliiunga mkono kwa wingi, na Everett Dirksen wa Illinois, mhafidhina aliyewaongoza Republican katika Seneti, ndiye aliyekusanya kura zilizokuwa zikikosekana.

Maseneta wanazuiaje sheria kwa kuongea tu? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kanuni za Seneti, mjadala usipofungwa kura haipigwi. Mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina aliongea saa 24 na dakika 18 mfululizo kuupinga muswada mdogo wa haki za kiraia. Kabla ya kuanza alikaa kwenye bafu la mvuke ili mwili ukauke, asilazimike kwenda msalani. Alisoma sheria za uchaguzi za jimbo moja baada ya jingine. Muswada ukapita vilevile. Mwaka 1964 Wakusini walipokezana kwa zaidi ya miezi miwili, hadi tarehe 10 Juni mjadala ulipofungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Miezi mitatu baadaye Thurmond alihamia Republican, na wengi wa Kusini wakamfuata miaka iliyofuata.

Barry Goldwater aliipinga. Alikuwa mbaguzi? (Msomaji, Nairobi)

Hili linastahili jibu la haki. Goldwater, seneta wa Arizona, aliwahi kuwa mwanachama wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi. Aliipigia kura ya ndiyo sheria ya 1957, na ile ya 1960 aliiunga mkono ingawa hakuwepo ukumbini wakati wa kura. Hii ya 1964 aliikataa kwa hoja kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kumwambia mwenye mkahawa amhudumie nani au mwajiri amwajiri nani.

Naipima hoja hiyo pale pale mlangoni pa mkahawa. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, alinyimwa huduma kando ya barabara namba 40 huko Maryland, akiwa safarini kwenda Washington. Ikiwa balozi alifukuzwa, familia nyeusi yenye watoto wenye njaa ingemlilia nani? Goldwater aliutetea uhuru wa mwenye mkahawa, na aliyesimama nje hakubakiwa na kitu. Wapiga kura wa Kusini walimwelewa vizuri: kwenye uchaguzi wa rais wa 1964, akiwa mgombea wa Republican, alishinda majimbo 6 tu, Arizona yake na matano ya Kusini. Mississippi ilimpa asilimia 87, na huko weusi karibu wote walikuwa wamezuiwa kujiandikisha kupiga kura.

Yupo mhafidhina aliyebadilika? (Msomaji, Muscat)

George H. W. Bush. Mwaka 1964, akigombea useneta Texas, aliipinga sheria hii. Mwaka 1968, akiwa mbunge wa Houston, aliunga mkono sheria iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Barua za matusi zilimiminika. Akaenda kukutana na wapiga kura wake, wakamzomea. Aliwauliza: askari mweusi anayerudi kutoka Vietnam afungiwe mlango kwa sababu ya rangi yake? Mkutano uliisha wamesimama kumpigia makofi. Lakini mwaka 1990, akiwa rais, aliupiga kura ya turufu muswada wa haki za kiraia kazini, akasaini mwingine mwaka uliofuata.

Rais Reagan si ndiye aliyesaini sikukuu ya Martin Luther King? (Msomaji, Arusha)

Ndiye, mwaka 1983, baada ya kusitasita. Sheria ya 1964 aliipinga, na ile ya haki ya kupiga kura ya 1965 alisema iliwadhalilisha watu wa Kusini. Mwaka 1982 alisaini kuiongezea miaka 25, ingawa wizara yake ya sheria ilipigana ili kipengele chake kikuu kisipanuliwe. Mmoja wa wanasheria vijana walioandika hoja hizo wizarani ni John Roberts. Mwaka 2013, akiwa Jaji Mkuu, Roberts aliandika hukumu ya kura 5 dhidi ya 4 iliyoyaondolea majimbo yenye historia ya ubaguzi sharti la sheria hiyo ya 1965 la kuomba idhini Washington kabla ya kubadili kanuni zao za uchaguzi. Siku ile ile Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura, ambayo ilikuwa imezuiwa kwa sharti hilo.