Maswali ya Wasomaji: Theluji imeanguka, basi halipandi mlima

SWALI: Naishi Sheffield, Uingereza, mtaa wa mlimani. Theluji ikianguka, halmashauri inamwaga chumvi barabara kuu, kwetu haifiki hata punje. Basi linagoma kupanda, na zamu yangu kwenye nyumba ya wazee inaanza saa 1 asubuhi. Je, naruhusiwa kuchota chumvi kwenye yale masanduku ya njano ya halmashauri kando ya barabara?

JIBU: Chota, dada, ila uimwage barabarani na njia ya waenda kwa miguu. Si ya maegesho ya nyumbani kwako.

Wengi hukosea kwa kumwaga lundo juu ya theluji nene. Inatoboa vishimo tu. Chumvi haina moto. Lazima iyeyuke kwenye unyevu, na hayo maji ya chumvi ndiyo yanayochelewa kuganda. Barabarani matairi ndiyo huyachanganya, kwa hiyo mtaa usiopita magari hubaki mweupe hata ukimwagiwa. Hivyo ondoa theluji kwanza, asubuhi na mapema, ingali laini. Ikishakanyagwa hugeuka barafu. Fungua kijia cha upana wa beleshi, usizibe mtaro, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha mezani kwa kila mita ya mraba. Hata chumvi ya jikoni inafaa. Baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri chumvi huwa dhaifu. Mwaga mchanga, angalau viatu vishike. Maji ya moto usithubutu: yataganda yawe kioo.

Kuhusu basi, usilisubiri mlimani. Mara nyingi huishia barabara kuu, palipomwagwa chumvi, kwa hiyo angalia taarifa za kampuni usiku na ushuke kwa miguu. Vaa soksi kuukuu juu ya viatu. Zinashika barafu kuliko soli. Hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Mjulishe msimamizi usiku huohuo, apate kupanga mtu wa kushika zamu ukichelewa. Wala msidhani mmetengwa: tarehe 2 Februari 2009 London nzima mabasi yalisimamishwa kwa theluji.

SWALI: Gari langu, gia za mkono, linazungusha tairi palepale. Kwa nini? (Msomaji, Leeds)

JIBU: Unakanyaga mafuta mno. Tairi likizunguka bure linasugua theluji hadi inakuwa barafu, na kila jaribio linazidi kuharibu. Nyoosha usukani, fukua mbele na nyuma ya matairi yanayoendeshwa na injini, weka mchanga au zulia la gari mbele yake, kisha ondoka kwa gia ya 2 huku ukiachia klachi taratibu. Asisimame mtu nyuma, zulia huruka.

Ukishuka mlima, weka gia ndogo ukiwa bado juu. Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara 10 zaidi ili lisimame. Sheria inataka meno ya tairi yasipungue milimita 1.6, ila kwa theluji sisi tungebadilisha yakifika 3. Na fagia paa: ukifunga breki, theluji ile yote inakuja kwenye kioo cha mbele.

SWALI: Treni ikichelewa kwa theluji, nalipwa?

JIBU: Kampuni nyingi za Uingereza hulipa fidia kuanzia dakika 15, hata kama chanzo ni hali ya hewa. Tunza tiketi, na uombe ndani ya siku 28.