Ushauri kwa CNA (wasaidizi wa manesi) wapya: chungulieni nasing homu (nyumba ya kutunzia wazee) kabla hamjasaini

Nyie mliofika Marekani juzi mkapiga ile kozi ya CNA (sheria ya 1987 inataka angalau masaa 75, steti kibao zinaongeza juu), nawajua, ofa ya kwanza ikija na bonasi mnasaini hapo hapo. Subirini kidogo. Bonasi nono mara nyingi maana yake watu wamekimbia.

Ingia Care Compare, tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), utafute jina la hiyo nasing homu. Ukikuta haina nyota hata moja na kuna kialama cha pembetatu ya njano, jua iko SFF (Special Focus Facility), yaani serikali imeiweka chini ya uangalizi maalum kwa sababu makosa mazito yanajirudia mwaka hadi mwaka. Nchi nzima nafasi za SFF hazifiki 100, na nyuma yao kuna foleni ya nyingine zaidi ya 400 ambazo ni mbovu vilevile ila nafasi hakuna. Majina ya hiyo foleni yalikuwa siri mpaka 2019, maseneta wa Pennsylvania, Casey na Toomey, walipoyaanika. Kwa hiyo angalia list zote mbili.

Ikiwa SFF inakaguliwa angalau kila miezi 6, nasing homu za kawaida zinaweza kukaa hadi miezi 15 bila kukaguliwa. Isipojirekebisha inaweza kukatwa malipo ya Medicare na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), na bila Medicaid nasing homu nyingi hazina pa kutolea mshahara wako.

Sasa mimi sisemi usiende kabisa, nyingine zimebadilisha meneja na zinajikokota kutoka kwenye SFF. Ila angalia wana wafanyakazi wangapi wikendi, hizo namba zipo pale pale na zinatokana na payroll, halafu uliza usiku CNA mmoja anabeba wazee wangapi. Unayemuuliza akianza kuzungukazunguka ushapata jibu.

Na Steti, yaani wakaguzi wa serikali ya jimbo, wakija (hawapigi hodi, wanaweza kutokea hata Jumapili) usijifiche chooni kama wengine. Mkaguzi atasimama korido anatazama saa kengele ya mzee inalia muda gani, ataingia chumbani akute mzee kalalia ubavu ule ule tangu asubuhi na mgongoni kuna kidonda, kisha anafungua chati anaona umeandika umemgeuza saa 4, saa 6, saa 8. Hapo umekwisha wewe, si meneja. Kama hukumgeuza kwa sababu mlikuwa wawili floor nzima, usijaze, mwambie nesi wako, na mkaguzi akikuuliza mwambie hivyo hivyo, steti nyingi zina sheria inayokataza wakulipizie kisasi kwa hilo.

Halafu ripoti ya ukaguzi wa mwisho lazima iwekwe mahali watu wanaweza kuisoma, mara nyingi ni faili karibu na mapokezi. Siku ya intavyuu fika mapema kidogo, iombe, uisome ukisubiri kuitwa.