Kabla Hujalimwagia Bakuli Jik

Mteja akitaka bakuli jeupe la mbao, vijana wengi wa kukereza hapa Mombasa hukimbilia Jik. Mimi huuliza kwanza: rangi usiyoitaka imetoka wapi? Kama ni ya kupakwa au ya wino, Jik huenda ikaitoa. Kama ni weusi wa samawati ulioingia mbao mbichi ilipogusana na chuma au kutu, dawa yake ni asidi ya oksaliki iliyokorogwa kwenye maji ya moto, kisha unasuuza sana kwa sababu ni sumu.

Rangi ya mti wenyewe ni kazi nyingine. Hiyo hutaka kostiki soda ikifuatwa na haidrojeni peroksaidi kali, si ile ya asilimia 3 ya kuoshea vidonda. Zote mbili zinaunguza ngozi na macho, kwa hivyo glavu ndefu, miwani, na kazi ifanyike nje. Paka soda kwa brashi ya nailoni. Ya manyoya huliwa. Mbao itazidi kuwa nyeusi mwanzoni, usishtuke. Dakika chache baadaye, ikiwa bado mbichi, paka peroksaidi, itoe povu. Lipake bakuli zima bila kusita, ndani na nje, la sivyo utabaki na mabaka. Tumia vyombo vya plastiki au kioo, na masalio usiyarudishe chupani: peroksaidi iliyochafuka hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Kesho yake pangusa kwa siki iliyozimuliwa na maji, kisha suuza. Lakini siki hiyo, au asidi yoyote, isikutane na Jik hata kidogo; hutoka gesi ya klorini, nayo huua.

Kukausha kwetu huku pwani kunataka subira, hewa ina unyevu. Weka kivulini penye upepo, juani litapasuka. Nyuzi zitakuwa zimesimama, zipitishie msasa laini kidogo tu, umevaa barakoa, maana weupe uko juu juu. Mafuta ya kitani yatalirudisha kwenye manjano, afadhali vanishi ya maji.

Haya yote ni kwa bakuli la pambo. La kulia chakula silichubui kabisa. Natafuta mwembe mweupe usio na michirizi, na anayeniletea mpingo akitaka uwe mweupe namrudishia mpingo wake.